Zamu ya Mkia

Siku fundi saa alipokutana na mwanamume aliyekuja kumvuruga akili, alikuwa ametoka dukani kwake kwenda kugombana.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na jengo la maduka lilikuwa limefurika. Watu walipanda na kushuka ngazi na mifuko yao, watoto walililia aiskrimu, na katikati ya ukumbi wa chini, hatua ishirini tu kutoka kibanda chake, kikundi cha waendesha baiskeli kilikuwa kimefunga spika mbili kubwa na kuisimamisha baiskeli moja juu ya vyuma, isiende popote. Mpita njia akipanda na kukanyaga kilomita tano, wenye maduka walichangia wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Jambo la heri, nani atalipinga? Ila fundi saa hufanya kazi kwa sikio kama anavyofanya kwa jicho, na tangu asubuhi alikuwa haisikii hata saa ya ukutani.

Alitoka vile vile alivyokuwa. Gauni jepesi la zambarau, aproni nyeusi yenye mifuko sita, nywele amezibana nyuma, na mdomo umekaa tayari kwa ugomvi. Juu ya ile baiskeli alimkuta mwanamume mpana wa mabega, amevaa shati la sare ya madereva wa ambulensi, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko, mgongo umelowa jasho.

"Kaka, hizi spika zenu..."

"Dada yangu," yule mwanamume akamkatiza huku akikanyaga, "kwa hilo jicho unaniona mkubwa kiasi gani?"

Hapo ndipo fundi saa alipokumbuka kwamba kile kioo cha kukuzia bado kimebana kwenye jicho lake la kulia. Watu wakacheka. Akakitoa haraka na kukitia mfukoni, lakini aibu ilikuwa imeshampanda hadi masikioni.

"Nakuona mpiga kelele," akasema.

"Kelele si zangu, ni za Mwenyekiti. Mimi hapa nimeleta miguu tu. Lakini zitapungua, kwa sharti moja. Panda wewe."

"Mimi? Sijagusa baiskeli tangu nina miaka kumi na miwili."

"Hii haina pa kuangukia, dada. Imefungwa kama mbuzi."

Mwenyekiti mwenyewe, mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mwenye filimbi shingoni na macho yasiyopitwa na kitu, alipunguza sauti ya spika bila kuambiwa, akashika usukani wa ile baiskeli, akangoja. Fundi saa akajikuta amepanda. Alikanyaga kilomita tano na aproni yake, vibisibisi vikigongana mifukoni, na aliposhuka miguu ilikuwa inamtetemeka naye anacheka kama mtoto. Dereva wa ambulensi akampa maji. Alipounyoosha mkono, fundi saa aliitazama saa yake, kwa mazoea ya kazi.

"Inachelewa dakika tatu."

"Najua."

"Dereva wa ambulensi na saa inayochelewa?"

"Sasa unafikiri naendesha mbio kwa sababu gani?"

Aliivua saa palepale akaiacha dukani, na kutoka siku hiyo hakumwita tena dada. Alimwita Dakika. Na fundi saa, mwenye miaka thelathini na mmoja na duka lake mwenyewe, ambaye asingevumilia mteja amwite kwa jina la utani, aliitika.

Kikundi kilikuwa na safari mbele yake: kilomita mia mbili na arobaini kwa siku mbili, kwa ajili ya ile wodi, na miezi mitano ya kujiandaa. Dakika alinunua baiskeli ya buluu iliyotumika, akanunua na kofia ngumu, akaanza kuamka alfajiri kila Jumamosi. Shangazi yake, aliyemlea na ambaye bado waliishi naye nyumba moja, alisimama mlangoni na kanga begani akimtazama anavyohangaika na kamba za viatu.

"Huko unakokwenda na baiskeli kuna nini ambacho hakiwezi kuja hapa kwa miguu yake?"

"Mazoezi, shangazi."

"Mazoezi yana mafuta ya nywele mapya?"

Dakika akazidi kuvuta kamba za viatu. Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika, na shangazi alikuwa na masikio.

Siku ya kwanza barabarani alikuwa wa mwisho. Ya pili, wa mwisho. Ya tatu alikuwa wa mwisho kwa mbali zaidi, maana wenzake walikuwa wameanza kupata nguvu. Lakini hakuumia, kwa sababu kila alipogeuka nyuma, dereva wa ambulensi alikuwapo, mita chache tu, amekaa wima juu ya baiskeli yake nyekundu kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Wenzake walimwita Mkia. Dakika alidhani ni utani, kama wa kwake.

"Kwa nini huendi mbele na wenzako? Una mapaja ya kwenda mbele."

"Wiki nzima nakimbia na king'ora juu ya kichwa. Jumamosi nataka kutembea. Tena huku nyuma kuna mandhari."

"Mandhari gani?"

"We kanyaga tu, Dakika."

Kwenye kilima kirefu cha barabara ya kwenye tangi la maji, pumzi zilipomwishia, Mkia alisogea ubavuni akamwambia kwa sauti ya chini, "Usiutazame mlima. Tazama tairi lako la mbele. Mlima utapita wenyewe." Akatazama tairi. Mlima ukapita. Yale maneno alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, na Jumatatu alipokuwa akiunganisha saa ndogo ya kike yenye vyuma vyembamba kuliko unywele, alijikuta akiyasema kwa sauti mbele ya mteja.

Simu zikaanza. Mkia alipiga akiwa amemaliza zamu, akiwa ameegesha gari nje ya hospitali, akiwa anangoja chai.

"Dakika, upo?"

"Nipo, ila nimempasua mtu hapa, utumbo wote uko mezani."

"Atapona?"

"Saa ya mkono ya mzee mmoja. Atapona. Wa kwako?"

"Leo nimeleta mtoto wa kilo moja na robo. Nesi kamshika kwa mkono mmoja tu, basi kaenea. Nikawa naendesha polepole, Dakika. Mara ya kwanza maishani."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Analia kama mtu mwenye kilo tatu. Ndiyo maana naipenda ile safari."

Dakika alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Alimpenda. Tusizunguke: alimpenda na alijua, na ndiyo maana aliogopa.

Maana aliwahi kuchumbiwa. Kijana mpole, mtoto wa rafiki wa shangazi, alikuja kila Jumapili saa kumi kamili kwa miaka miwili, hakukosa, hakuchelewa, hakusema neno baya. Kisha mama yake akafariki, na mwezi mmoja baadaye yule kijana alikaa kwenye kiti kile kile akasema, "Samahani. Nilikuwa namtimizia mama ahadi. Sasa siwezi kuendelea." Akashukuru kwa chai, akaondoka. Mwongo unaweza kumchukia ukapona. Yule hakudanganya, alitimiza wajibu tu, na Dakika alibaki akijiuliza ni Jumapili ngapi kati ya zote zile zilikuwa za kwake kweli. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Mwisho wa mwezi wa tatu walipumzika kwenye kituo cha mafuta, jua limeshachangamka. Mkia alikwenda kujaza chupa za maji, yake na ya Dakika. Muuza Bima, kijana wa suruali za kubana aliyekuwa na kasi kuliko wote, akaketi kando ya Dakika na ndizi mdomoni.

"Dada, unaendelea vizuri. Wala usione haya kuwa wa mwisho, kikundi hiki hakiachi mtu. Ndiyo maana umewekewa Mkia."

"Nimewekewa?"

"Enhe. Mkia si anapangwa na Mwenyekiti? Anakaa nyuma ya mtu wa mwisho, hampiti hata iweje. Mtu wa mwisho akisimama, anasimama. Akichoka, anamchekesha. Ndiyo kazi yake." Akameza ndizi, kisha akashtuka. "Ala! Nimesahau. Mgeni huwa haambiwi, asije akaona vibaya. Usiseme nimesema mimi."

Hakuwa na nia mbaya, yule kijana. Watu wengi huchoma nyumba kwa njiti ya kuwashia jiko. Dakika alimtazama Mkia anavyorudi na chupa mbili, anatabasamu, na kila kitu alichokuwa amekiweka moyoni kwa miezi mitatu kikageuka sura. Mzaha wa mandhari. Yale maneno ya mlimani. Jumapili saa kumi kamili.

"Maji yako, Dakika."

"Ahsante, kaka."

Mkia akanyanyua nyusi, lakini filimbi ya Mwenyekiti ikalia, wakapanda.

Mwingine angeuliza. Dakika hakuuliza, kwa sababu aliwahi kukaa mbele ya mtu akajibiwa kwa ukweli, na hakuwa na nguvu za kujibiwa tena. Akaamua jambo moja: hatakuwa kazi ya mtu. Alifungua baiskeli yake yote juu ya gazeti sebuleni, shangazi akiruka vyuma kwenda jikoni, akasafisha mnyororo kiungo kwa kiungo, akazirekebisha gia kwa subira ile ile anayotumia kwa saa. Kila alfajiri kabla ya kufungua duka alikwenda kupanda kile kilima cha tangi peke yake, mara mbili, mara tatu, mara tano. Ndani ya wiki nne akawa hakamatiki na walio nyuma. Akahamia katikati ya kundi, na wa mwisho sasa alikuwa Seremala, mzee wa miaka sitini na sita mwenye goti bovu na sauti ya kwaya.

Alitaka kuona kitu kimoja tu. Akitoka mkiani, je, yule mtu atamfuata?

Hakumfuata. Jumamosi ya kwanza alibaki nyuma. Ya pili, nyuma. Ya tatu, kwenye kilima cha tangi, Dakika alikuwa amesimama juu akinywa maji aliposikia sauti anayoijua ikipanda kutoka kwenye kona, "Usiutazame mlima, babu. Tazama tairi lako la mbele. Mlima utapita wenyewe."

Maneno yale yale! Hakubadilisha hata nukta. Dakika aliona wivu juu ya mzee mwenye goti bovu, na akajua kwamba sasa amefika pabaya.

Simu iliita Jumatano, saa ya chakula cha mchana.

"Dakika, siku hizi unakimbia kama umeiba. Nimekukosea?"

"Hujanikosea. Unafanya kazi yako vizuri."

"Kazi gani?"

"Una mtu wa kumfuata huko nyuma. Usimwache."

Nyuma ya Mkia mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa.

"Na wewe huko mbele umepata wa kwenda naye," akasema taratibu. "Muuza Bima ana kasi."

"Muuza Bima?" Dakika nusura acheke, lakini kiburi kikamziba mdomo. "Ndiyo, ana kasi."

"Haya. Nakutakia safari njema."

Basi wakakaa hivyo, watu wazima wawili wenye kazi zao na akili zao, kila mmoja akimngoja mwenzake afanye jambo ambalo mwenzake hakujua kama anangojwa alifanye.

Siku nne kabla ya safari, Mwenyekiti aliingia kibandani na saa yake ya kuhesabia mwendo, ya zamani, iliyogoma kuanza. Alikaa kwenye stuli, akaweka mkoba magotini, akamtazama Dakika akiifungua.

"Umekuwa mwepesi."

"Nimejitahidi, mwalimu. Sikutaka kuendelea kuwa mzigo wa mtu."

"Mzigo wa nani?"

Dakika alikuwa ameinamia saa, kioo kwenye jicho, na pengine ndiyo sababu aliweza kusema. "Wa Mkia. Najua kwamba ulimpanga awe nyuma yangu. Sina kinyongo. Ni utaratibu."

Mwenyekiti aliuweka mkoba sakafuni. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne na alilijua jibu lililokosewa hata kabla mwanafunzi hajaandika.

"Umkia ni zamu ya mwezi mmoja," akasema. "Mmoja. Watu wanaukwepa kama mtihani, kwa sababu unakwenda polepole na unafika chakula kimepoa. Wewe uliingia kwenye mwezi wake. Ulipokwisha, akaja kuniomba aongezewe wa pili. Nikafikiri jua limempiga. Akaja tena kuomba wa tatu, amevaa shati la kupigwa pasi. Hapo nikaelewa."

Bisibisi ilisimama mkononi mwa Dakika.

"Mwezi wa nne ulipoanza kukimbia, akaja kuniomba kitu kingine. Nimtoe, akae katikati. Nikakataa. Wenzake wote walikuwa wameshakwepa, na mimi sibadilishi mkia karibu na safari. Nikamwambia, ulijitakia mwenyewe, sasa utaufikisha umkia mpaka mstari wa mwisho. Akaahidi. Yule akiahidi, anakaa hapo hapo hata moyo wake ukiwa kilomita sita mbele."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Atakuambia nini? Kwamba uliwekewa mtu kwa sababu ni wa mwisho? Mimi ndiye niliyekataza wageni waambiwe, na nikikataza nimekataza." Akainama kidogo. "Na wewe, binti yangu, ulimuuliza?"

Dakika akatikisa kichwa.

"Kuuliza si ujinga. Sasa nisikilize. Mkia hawezi kuja mbele, hata akitaka. Anayemtaka atamngoja yeye. Saa yangu itakuwa tayari lini?"

Dakika alimpigia Mkia siku hiyo hiyo. Iliita mara moja, ikapokelewa na king'ora. "Dakika, nina mgonjwa," akasema, ikakatika. Alipiga Alhamisi, ikaita bila kujibiwa. Ijumaa alishika simu, akaiweka chini. Maneno kama yale yanataka uso, alijiambia, na huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ilikuwa hofu.

Safari ilianza Jumamosi, watu hamsini na watatu katika fulana za manjano, na Dakika akaendesha kilomita mia na ishirini za siku ya kwanza katikati ya kundi kama alivyokuwa amejiandaa. Walilala kwenye shule iliyowafungulia madarasa. Wengine walikuwa wameshaoga na kunyoosha miguu ukumbini wakati Mkia alipoingia getini na Seremala, jua likianza kushuka. Dakika alikuwa kwenye bomba. Alikuwa amepanga maneno tangu kilomita ya tisini.

"Habari za safari, dada," Mkia akasema, kwa adabu zote, akapita kwenda kumtafutia mzee dawa ya kuchua goti.

Dada! Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakamwagika hapo kwenye bomba.

Siku ya pili ilianza na ukungu, kisha jua. Dakika alikuwa na nguvu. Miguu yake ilijua kazi, baiskeli ilikwenda bila sauti, na mbele, kwenye uwanja wa mwisho, shangazi alikuwa anamngoja pamoja na nusu ya majirani, kwa sababu alikuwa amewatangazia wote kwamba mtoto wa kaka yake hafiki wa mwisho tena, anafika na watu wa maana. Zilipobaki kilomita thelathini, Muuza Bima alipita akampungia mkono. "Twende, dada! Leo unaingia na kumi wa kwanza!"

Angeweza. Alijua angeweza. Kwa miezi miwili aliamka gizani kwa ajili ya hilo.

Akafunga breki.

Alisogea pembeni, akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe la kilomita, akasimama. Wenzake wakaanza kumpita, kila mmoja na swali lake.

"Umepata pancha?"

"Hapana."

"Mguu umekaza?"

"Hapana, endeleeni."

"Sasa unafanya nini hapo?"

"Namngoja mtu!"

Alisema kwa sauti, na habari ile ikakimbia mbele kuliko baiskeli. Walipita ishirini, wakapita thelathini. Jua likampiga. Mara mbili alijiambia apande aende, kwamba mwanamke mzima hasimami kando ya barabara kungoja kujibiwa "nilikuwa natimiza ahadi." Mara mbili akakaa. Mwisho barabara ikawa tupu kwa robo saa nzima, kisha ikatokea fulana ya manjano ikiyumba, ikiimba besi, na nyuma yake ya pili, wima, kwenye baiskeli nyekundu.

Seremala alimwangalia Dakika, akamwangalia Mkia, akavuta pumzi.

"Ajabu, goti limepona," akasema, akaanza kukanyaga kwa nguvu ambazo hakuna aliyezijua, akiimba kwa sauti zaidi.

Mkia alisimama, mguu mmoja chini.

"Kuna tatizo la baiskeli?"

"La mwenye baiskeli." Dakika alisogea karibu. "Muuza Bima alinieleza kazi ya Mkia. Nikadhani nilikuwa zamu yako tu. Nikakimbia nione kama utanifuata. Sikujua kwamba huruhusiwi."

Alitegemea acheke. Hakucheka. Uso wake ulikuwa umekasirika kidogo, na hilo lilimpa Dakika matumaini ya ajabu.

"Miezi miwili, Dakika. Miezi miwili naona mgongo wako unakuwa mdogo mbele yangu, mpaka unakata kona. Usingeniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Jibu gani?"

"La kweli."

Akashusha pumzi, akavua kofia. Nywele zilikuwa zimelala kwa jasho. "La kweli ni hili. Mwezi wa kwanza ulikuwa zamu. Sitakudanganya. Nilipangiwa, nikaja, na siku ya kwanza nilikuwa naomba upande haraka tufike tukale." Dakika akainamisha macho. "Mwezi wa pili nilikwenda kuuomba. Wa tatu nilipiga shati pasi, nikauomba. Sasa hesabu mwenyewe ipi ilikuwa kazi na ipi ilikuwa yako."

"Na yale maneno ya mlimani? Ulimwambia na Seremala."

"Babu naye alikuwa na mlima, nimfanye nini? Nimtungie mengine?" Hapo ndipo alipocheka, na Dakika naye, mpaka wakashikilia baiskeli zisianguke.

"Nisamehe," Dakika akasema. "Ningeuliza mapema."

"Na mimi ningeacha ujinga wangu wa kumwonea wivu Muuza Bima. Haya, panda. Babu ametuacha, na sheria inasema sasa wewe ndiye wa mwisho."

Walizimaliza zile kilomita thelathini wakizungumza. Walimkuta Seremala amekaa chini ya daraja, goti limerudia hali yake, wakamsukuma mpaka akapata mwendo, na kwenye mteremko wa mwisho akawapita kwa mbwembwe. Uwanja ukaonekana, watu, bendera ndogo ndogo, Mwenyekiti na filimbi.

"Tangulia," Mkia akasema hatua chache kabla ya mstari.

"Tuingie pamoja."

"Siwezi, mpenzi. Niliahidi. Mpaka mtu wa mwisho avuke."

Dakika akavuka. Shangazi alikuwa mbele kabisa, amevaa gauni lake la harusi za watu, na majirani nyuma yake wakiwa hawajui washangilie au watoe pole. Nyuma, Mkia akavuka mstari, na filimbi ya Mwenyekiti ikalia ndefu. Ilikuwa imekwisha. Kuanzia sauti ile, yule mtu hakuwa mkia wa yeyote. Wenzake wa ambulensi walikuwa kando ya gari lao wakimpigia kelele, meza ya chakula ilikuwa upande wa kushoto, Seremala alikuwa amelala kwenye nyasi akiita maji, na Dakika alisimama palepale ameshika usukani, hakumwita, hakumpungia mkono. Alitaka kuona.

Mkia aliilaza baiskeli chini. Hakutazama meza wala gari. Alikuja moja kwa moja, akichechemea, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya Dakika.

"Zamu imekwisha," akasema. "Sasa nimekuja bila kupangwa na mtu. Ningepiga goti, ila nikishuka sitanyanyuka, utanibeba. Nikuulize nikiwa nimesimama?"

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Dakika aliyetetemeka kwa kuogopa majibu alitoa lake bila kuvuta pumzi. "Nimekubali. Nimekubali tangu jana kwenye bomba, ukaniita dada."

Uwanja ukalipuka. Mwenyekiti alipiga filimbi ambayo haikuwa kwenye ratiba yoyote. Shangazi alisogea, akamkagua yule mwanamume kuanzia viatu hadi nywele, akamgeukia Dakika.

"Huyu ndiye aliyefanya uwe wa mwisho mbele ya majirani zangu?"

"Ndiye, shangazi."

Shangazi akafikiri kidogo. Kisha akachukua ncha ya kanga yake, akamfuta yule mwanamume jasho usoni, taratibu, kama anavyofutwa mtoto wa nyumbani.

"Njoo Jumapili tuzungumze," akasema. "Saa yoyote. Ila uje mwenyewe."

"Nitakuja mwenyewe, shangazi," Mkia akajibu, na Dakika akamshika mkono.